Kishikwambi Kipya: Jinsi ya Kujua Kama Bei Yake Inalingana na Kilichomo Ndani

Mwaka juzi nilimnunulia binti yangu kishikwambi Kariakoo. Ndiyo kwanza alikuwa ameingia kidato cha pili, na mwalimu wao wa fizikia alikuwa ameanza kutuma notsi na mitihani ya nyuma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Boksi liliandikwa RAM 8, hifadhi 256, Android mpya kabisa, na ndani mlikuwa na kava, kalamu, kibodi, hata saa ya mkononi ya zawadi. Baada ya wiki tatu notsi zikaanza kufa moja moja: faili lipo, jina lipo, ukiligusa halifunguki. Fundi alipokifungua alinionyesha chipu ya hifadhi ya GB 16. Ile 256 ilikuwa maandishi tu, mtu ameyapachika kwenye programu ya kifaa.

Niliumia, na si kwa ajili ya hela peke yake. Mtoto alikuwa ameshafuta nakala zilizokuwa kwenye simu yangu akiamini kule ziko salama. Tangu hapo nimeshanunua vingine vinne, viwili vya nyumbani na viwili vya ndugu walioniomba niwasindikize, na kila mara nimefuata utaratibu huu ninaouandika hapa. Unachukua jioni moja nyumbani, nusu saa dukani na siku chache baada ya kununua.

Neno kishikwambi wengi wetu Tanzania tulilizoea wakati wa Sensa ya 2022, makarani walipokuja navyo mlangoni, na baadaye vifaa vile vile vikagawiwa walimu. Wakenya wengi husema tableti. Kitu ni kile kile, na ujanja wa wauzaji ni ule ule.

Anza na kazi, bei baadaye

Chukua karatasi uandike kishikwambi hiki kitafanya nini siku tano kati ya saba. Usiandike "masomo". Andika "kusoma vitabu na mitihani ya nyuma ya PDF", au "kuangalia vipindi vya YouTube", au "kupiga hesabu za duka na kupokea oda za WhatsApp", au "kuchora". Kila kazi ina kiungo chake kinachobeba mzigo, na hicho ndicho unachopaswa kulipia.

Kwa mwanafunzi, kiungo hicho ni kioo, na hapa hesabu ndogo itakuokoa. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21. Kishikwambi cha inchi 7, kikisimamishwa wima, kina upana wa sentimita 9 hivi. Maana yake ukurasa mzima unabanwa hadi asilimia 43 ya ukubwa wake, na herufi za kitabu zinakuwa kama zile za karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa. Mtoto atakuwa anavuta ukurasa kushoto na kulia kila mstari. Siku ya tatu ataacha. Inchi 8.7 inakupa kama asilimia 54. Inchi 11 inakupa 70, na hapo mtu anasoma bila kukuza. Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania kwenye maktaba mtandao, sinunui chini ya inchi 10, hata kile kidogo kikiwa na sifa nzuri kuliko hiki.

Ukubwa bila pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, nao haufai. Kioo cha inchi 10.1 chenye pikseli 1280 kwa 800 kina pikseli 149 tu kwa kila inchi, na alama ndogo za kemia na vipeo vya hisabati vinaonekana vimechakaa pembeni. Kioo cha inchi 11 chenye 1920 kwa 1200 kina 206. Tofauti hiyo utaiona kwa macho yako bila kuelezwa na mtu.

Kwa mfanyabiashara, kioo cha inchi 8 kinatosha, ila anahitaji kishikwambi chenye nafasi ya laini. Vingi vinauzwa kwa aina mbili, cha Wi-Fi peke yake na cha laini, boksi zikifanana kama pacha. Kama duka lako halina Wi-Fi, kile cha kwanza kitakula bando la simu yako na chaji yake kila siku.

Kama kazi uliyoandika ni kuandika ripoti ndefu, tasnifu au majedwali makubwa, simama hapo hapo. Kwa bei ya kishikwambi cha daraja la juu pamoja na kibodi yake unapata kipakatalishi kilichotumika lakini kizima, na kwa kazi hiyo kitakufaa zaidi. Nimewaambia hivyo watu wawili. Mmoja alinisikiliza.

Prosesa kwanza, RAM baadaye

Wauzaji wanapenda kutaja RAM, kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi, kwa sababu ni namba rahisi kuikuza. Utaona boksi limeandikwa "16 GB", kumbe kwa herufi ndogo ni 8 jumlisha 8, au 4 jumlisha 12. Namba ya kwanza ndiyo RAM yenyewe. Ile ya pili ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kifanye kazi ya RAM, na hifadhi ina mwendo wa polepole kuliko RAM kwa mbali sana. Ihesabu kuwa sifuri. Kwa Android ya sasa, RAM halisi ya GB 4 ndiyo sakafu, 6 au 8 ni starehe. Chini ya 4, kifaa kitakwama ukifungua programu tatu.

Prosesa, yaani ubongo wa kifaa, ni jambo jingine. Watakuambia "viini vinane", yaani sehemu nane zinazogawana kazi ndani yake, kana kwamba vyote ni sawa. Uliza jina la prosesa, kisha ulitafute kwenye simu yako uone viini vyake ni vya aina gani. Ukikuta vyote vinane ni Cortex-A53, jua kwamba huo ni muundo uliotangazwa na ARM, kampuni inayobuni viini hivyo, mwaka 2012. Prosesa ya Helio P22T, iliyowekwa kwenye vishikwambi vingi vya bei ya chini, imejengwa hivyo. Kifaa cha namna hiyo kinatosha kwa katuni na kusoma, lakini hakistahili bei ya kati hata kidogo. Unachotafuta ni prosesa yenye angalau viini viwili vikubwa vinavyobeba kazi nzito: Unisoc T618 ina viwili vya Cortex-A75, Helio G99 ina viwili vya Cortex-A76. Hapo kifaa kinafungua PDF ya kurasa mia tatu bila kukuweka ukisubiri.

Hifadhi nayo ina aina mbili, eMMC na UFS. UFS ina kasi zaidi, na utaihisi zaidi kifaa kikishajaa na kuzeeka. Kwa ukubwa, GB 64 ndiyo ya chini kabisa, kwa sababu mfumo wenyewe hula sehemu nzuri ya hiyo kabla hujaweka kitu. Angalia kama kuna nafasi ya memori kadi. iPad hazina, kwa hiyo kiasi unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho.

Jina la modeli lisome mpaka alama ya mwisho. Samsung ilitoa Galaxy Tab A9 na Galaxy Tab A9+ kwa pamoja mwaka 2023. Alama moja ya kujumlisha inabadilisha karibu kila kitu: ya kwanza ina kioo cha inchi 8.7 na Helio G99, ya pili inchi 11 na Snapdragon 695. Kila moja kati ya hizo ilitoka kwa RAM 4 na hifadhi 64, au 8 na 128, ya laini au isiyo na laini. Muuzaji akikutajia bei ya "Tab A9", bado hajakuambia anauza nini.

Kipya dukani si lazima kiwe kipya kiwandani

Hili watu wengi hulisahau, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kishikwambi kinaanza kuzeeka siku modeli yake inapotoka, hata kama hiki chako hakijawahi kutolewa kwenye nailoni. Kampuni hutuma masasisho ya mfumo na ya usalama kwa miaka fulani, kisha huacha. Programu nazo, moja baada ya nyingine, hukataa mifumo ya zamani: tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya toleo la 5. Programu za benki huwa kali zaidi.

Kwa hiyo tafuta mwezi na mwaka modeli ilipotoka. Tafuta kwenye tovuti ya kampuni miaka ya masasisho iliyoahidiwa. Toa miaka iliyokwisha pita. Inayobaki ndiyo unayonunua. Apple kwa kawaida hawaitangazi idadi ya miaka, lakini historia yao inasomeka: iPad Air 2 ilitoka 2014 na ikapokea mfumo wa iPadOS 15 mwaka 2021, na iPad ya kizazi cha saba, ya 2019, iliachwa nje iPadOS 26 ilipokuja mwaka 2025. Miaka sita mpaka saba, basi. iPad ya 2021 ikiuzwa leo kwenye boksi lake, bado ni kifaa kizuri, lakini miaka yake mingi imeliwa rafuni. Muuzaji apunguze bei kulingana na hiyo.

Kwa majina ambayo hata tovuti ya kampuni huioni, weka sifuri. Toleo la Android kilichokuja nalo ndilo kitakalokufa nalo.

Na wale wanaoletewa zawadi na ndugu walio Marekani au Ulaya: Amazon Fire ni rahisi kwa bei, ila haiji na Play Store. Vishikwambi vya Huawei vya miaka ya karibuni havina huduma za Google tangu vikwazo vya Marekani vya 2019. Kama kazi uliyoandika inategemea Gmail, Google Classroom au programu ya benki, mwambie ndugu yako mapema kabla hajalipa.

Bei yenyewe ni ipi?

Bei anayotaja muuzaji si yote. Ongeza kava na protekta ya kioo, kwa sababu kioo kikipasuka, kukibadilisha kunaweza kula karibu nusu ya thamani ya kifaa. Ongeza memori kadi. Ongeza chaja, kwani siku hizi maboksi mengi yana waya tu. Usichukue chaja ya watu wasiojulikana: betri ya mAh 7,040, kama ile ya Tab A9+, ina nishati ya wati-saa 27 hivi. Chaja ya wati 15 itaijaza kwa saa mbili na zaidi, ile ya wati 5 itakesha. Ongeza bando la mwezi kama ni cha laini.

Kariakoo kuna jambo la mawinga. Anayekupokea mtaani na kukupeleka dukani si mwenye duka, na "cha juu" chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Sina ugomvi nao, wanatafuta riziki, na wengine wanajua maduka kuliko ramani. Ila ingia mwenyewe maduka matatu kabla hujamfuata mtu yeyote, na kote uliza swali moja: "Bei pamoja na risiti ya EFD ni ngapi?" EFD ni mashine ya risiti za kodi. Bei isiyo na risiti mara nyingi itakuwa chini, na VAT ya asilimia 18 ni sehemu ya sababu. Lakini bila risiti huna dhamana.

Nusu saa dukani

Omba kiwashwe. Mara nyingi utajibiwa, "Mama, hiki ni oji, sili hiyo hapo, tukifungua tumekiharibia bei." Mimi hujibu kwa upole, "Mwanangu, nikikilipia nitakifungua hapa hapa mbele yako, na kisipokuwa sawa utanirudishia hela yangu. Tuandikiane." Muuzaji mwaminifu hukubali. Akikataa, naaga.

Kikiwaka, fuata mpangilio huu.

Kwanza utambulisho. Kama ni cha laini, piga *#06# itokee IMEI, namba ya utambulisho ya kifaa, uilinganishe na iliyo kwenye boksi. Tanzania unaituma kwa ujumbe kwenda 15090, Kenya kwenda 1555, na jibu linakuambia ni kifaa gani. Jina likirudi la simu ya kampuni nyingine, ondoka. Kishikwambi cha Wi-Fi peke yake hakina IMEI, kina namba ya usajili wa kiwandani tu, hivyo usishtuke.

Pili, fungua Play Store, nenda kwenye mipangilio yake, sehemu ya kuhusu, uangalie maneno ya Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Pawe pameandikwa kwamba kifaa kimethibitishwa. Vifaa vyenye Android iliyochezewa mara nyingi hushindwa hapa.

Tatu, pakua CPU-Z au AIDA64, ni bure. Inakuonyesha prosesa, RAM na mwonekano wa kioo kwa kuuliza kifaa chenyewe. Kama boksi linasema viini vya kisasa na programu inaonyesha Cortex-A53 nne, mjadala umekwisha. Zipo feki zinazoidanganya hata CPU-Z, ndiyo maana usiishie hapa.

Nne, fungua PDF kubwa. Mimi hubeba moja kwenye flashi, kitabu cha biolojia chenye picha nyingi. Naruka kutoka ukurasa wa 5 hadi wa 200, nahesabu sekunde. Kisha nafungua kivinjari, ramani, YouTube, kamera, WhatsApp, na kurudi kwenye kitabu. Kama kitabu kinaanza kufunguka upya toka mwanzo, RAM ni ndogo, hata boksi liseme nini.

Tano, kioo. Weka picha nyeupe tupu utafute madoa, kisha nyeusi uone kama mwanga unavuja pembeni. Kiinamishe kushoto na kulia: rangi zikigeuka kama samli iliyoungua, ni kioo cha bei rahisi. Kitoe nje mlangoni juani, usome mistari miwili. Buruta alama ya programu polepole kwenye kioo kizima, kila pembe, na mahali itakapoponyoka vidoleni pana ugonjwa.

Sita, kama kuna anayependa sinema nyumbani, pakua programu ya DRM Info uone daraja la Widevine, kinga inayozuia video kunakiliwa. L1 ndiyo nzuri. Likiwa L3, Netflix haitavuka ubora wa chini wa 480 hata kioo kiwe kizuri namna gani.

Kwa iPad, kuna mambo mawili ya ziada. Kwenye ukurasa wa maelezo ya kifaa, angalia herufi ya kwanza ya namba ya modeli: M ni kipya cha dukani, F kimekarabatiwa na Apple, N kilitolewa kubadilishia kibovu. F si dhambi, mradi bei yake isiwe ya M. La pili ni zito zaidi. Wakati wa kukiwasha mara ya kwanza, ikitokea taarifa kwamba kinasimamiwa na shule au kampuni fulani, kirudishe mezani. Ni mali iliyotoka kwenye taasisi ya watu na kufuli lake bado lipo, na fundi akikuambia analitoa, litarudi siku utakayokifuta upya.

Gawanya kwa miaka

Sasa ndiyo upige hesabu. Tuseme kishikwambi cha kwanza ni shilingi 280,000, hakina masasisho, na kwa prosesa yake unaona kitavumilika mwaka mmoja na nusu. Cha pili ni 620,000, kina miaka mitano mbele yake. Kila kimoja kinahitaji vikorokoro vya 70,000. Cha kwanza kinakuwa 350,000, yaani takriban 233,000 kwa mwaka. Cha pili kinakuwa 690,000, yaani 138,000 kwa mwaka. Kile cha bei ndogo ndicho ghali.

Hesabu hii haimaanishi kila mara ununue cha juu. Kwa mtoto wa miaka minne wa kuangalia katuni, ambaye atakidondosha tu, miaka mitano ya masasisho haina kazi. Hapo cha kwanza kinashinda, mradi kisidanganye kuhusu hifadhi yake. Na kama una 350,000 tu mkononi, cha 620,000 hakikuhusu leo. Afadhali usubiri miezi mitatu uongeze, au utafute modeli nzuri ya mwaka uliopita iliyoshuka bei, kuliko kukopa.

Siku saba za kwanza

Risiti iandikwe jina kamili la modeli, RAM, hifadhi, na IMEI au namba ya usajili. "Tablet moja" haitoshi. Pata kwa maandishi muda wa kurudisha, na usikubali chini ya siku saba.

Jioni ya kwanza, jaza hifadhi. Nakili video kubwa kutoka kwenye flashi au kompyuta mpaka nafasi ifike asilimia 80 au 90, ukizipa majina kwa namba. Kisha fungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, uziruke ndani mbele na nyuma. Hifadhi ya uongo hupokea kila kitu bila kulalamika, ila faili zinazozidi uwezo wake halisi huandikwa juu ya nyingine au hazifunguki. Jaribio hili lingeniokoa mimi.

Siku ya pili, chaji mpaka 100, weka mwanga nusu, angalia video kwa saa moja kamili. Ikishuka asilimia 12, una kama saa nane. Ikishuka 25, una nne, na betri hiyo ama ni ndogo kuliko inavyodai au imekaa ghalani muda mrefu. Siku zinazofuata mpe mwenyewe akitumie kwa kazi ile uliyoandika kwenye karatasi, na mwambie akuambie kila kinapogoma au kupata moto. Tunza boksi na nailoni zake. Kama kuna kasoro, kirudishe siku ya tano au ya sita, asubuhi, kabla duka halijajaa watu.